Akifunika Kikombe, Usimwulize

Nasema nanyi nyote mnaonisikiliza saa hii: mlioko Bukoba mjini, Kashai, Hamugembe na Rwamishenye, mlioko Muleba, kuanzia Kamachumu hadi Nshamba, na ninyi wa visiwani, Bumbire, Goziba, Ikuza, Mazinga na Kerebe, ambao redio imetundikwa kwenye nguzo ya kibanda na betri zimeanikwa juani tangu asubuhi. Aliye jikoni aongeze sauti kidogo. Aliye na kijana karibu amwite, waketi wote wasikilize.

Leo tunazungumzia ulevi na uraibu. Usizime redio. Sikuja kumtukana mtu.

Nianze na swali. Ukisikia mtu akitaja dawa za kulevya, picha gani inakujia? Wengi wetu tunamwona kijana wa Dar es Salaam, kakonda, anasinzia huku amesimama. Tunaona unga, tunaona sindano, tunaona mateja. Kisha tunatikisa kichwa: "Ah, hayo ni ya Pwani." Tunaendelea na yetu.

Sasa swali la pili, nalo ni la karibu zaidi. Katika ukoo wako, ni nani ambaye jina lake likitajwa kwenye kikao watu wanainamisha macho? Yule aliyekuwa na akili darasani. Yule aliyeuza kibanja alichoachiwa na baba yake. Yule ambaye mkewe alirudi kwao na watoto. Umemkumbuka? Mtu huyo huenda hajawahi kuuona unga kwa macho yake. Kilichomchukua kilipikwa nyuma ya nyumba, kwa ndizi zetu wenyewe.

Basi leo nina mambo matatu, nami nitayarudia ili hata anayeingia sasa hivi ayapate. La kwanza: kilevi kinachotumaliza hakijatoka mbali. La pili: uraibu ni ugonjwa, na una tabia zake kama ugonjwa mwingine wowote. La tatu: mkoa wetu huu wa Kagera umewahi kupambana na ugonjwa wa aibu, kwa hiyo njia tunaifahamu. Hakijatoka mbali. Ugonjwa. Njia tunaifahamu. Twende pamoja.

Tuanze na la kwanza. Sisi watu wa Buhaya tunaijua pombe tangu utotoni. Nani kati yetu hakuwahi kusimama pembeni akitazama lubisi ikikamuliwa? Ndizi za pombe zimevundikwa zikaiva, zimemenywa, zimemwagwa kwenye ule mtumbwi wa mti, majani yamechanganywa humo, na wanaume wanakanyaga kwa miguu, wanakanyaga na kuimba. Maji matamu yakitoka, sisi watoto ndio wa kwanza kuyanywa, midomo inanata. Yaliyobaki yanatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yanafunikwa kwa majani ya migomba, na kesho yake kuna pombe.

Nataka uangalie jambo moja katika picha hiyo. Lubisi ilikuwa na ua uliozunguka. Haikukamuliwa na mtu mmoja. Haikunywewa na mtu mmoja. Kulikuwa na fungu la mkubwa wa ukoo, fungu la jirani, fungu la walioshika kazi. Ilikuwa na siku yake: ndoa, matanga, kikao cha ukoo. Na ilichukua siku kadhaa kuipata, kwa hiyo hata mwenye kiu ilimbidi asubiri. Sisemi kwamba zamani hapakuwa na walevi. Walikuwapo. Ninachosema ni kwamba palikuwa na ua, na aliyeuruka alionekana.

Halafu ikaja gongo. Wazee wengine bado wanaiita enkonyagi. Ile lubisi inachemshwa kwenye pipa, mvuke unapita kwenye bomba, bomba linapita kwenye maji baridi, na upande wa pili inadondoka tone kwa tone. Kilichokuwa ndoo nzima ya kunywewa na watu kumi sasa kiko kwenye chupa moja. Inauzwa kwa kipimo. Mtu anaweza kuinywa peke yake, amesimama, saa moja asubuhi, akafuta mdomo na kuondoka, wala asiongee na mtu. Ua uko wapi hapo? Hakuna. Tangu mwaka 1966 kuna sheria inayokataza kupika moshi bila leseni, na moshi ndiyo hiyo gongo. Sheria ipo, na gongo ipo.

Lakini hapa nawaomba tuwe wakweli. Anayepika gongo mara nyingi ni nani? Mara nyingi ni mama. Ni mjane, au ni mke wa mtu ambaye haleti kitu nyumbani. Anapika usiku akiogopa moshi utamfichua, na asubuhi pesa hiyo inanunua daftari, sare, dawa ya mtoto. Ndiyo maana msako unapita, mapipa yanamwagwa, na wiki ya pili moto unawaka tena. Na lenye uchungu zaidi ni hili: mama huyo huyo anasomesha mtoto mmoja kwa gongo, na mtoto wake mwingine anamalizwa na gongo hiyo hiyo. Vyote viwili viko chini ya paa moja. Tukimwambia aache, tumwambie pia atauza nini.

Tuvuke maji sasa, twende visiwani. Mnajua kazi ya dagaa inafuata mwezi. Giza likiwa zito, taa zinashushwa majini, dagaa wanaifuata taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina kazi, mitumbwi inapanda mwaloni. Ni siku kadhaa za mapumziko. Vijana mamia wako mwaloni, mbali na wazazi, mbali na wake zao, mfukoni wana pesa ya giza lililopita, na hakuna kazi mpaka mwezi upungue. Uwanja wa mpira haupo. Maktaba haipo. Kilichopo ni nini? Vibanda vya pombe, na kijana wa kichochoroni mwenye kete za bangi. Na giza likirudi, kile kilichozoewa mchana kinapanda naye kwenye mtumbwi. Anakwambia anaua baridi. Waitu, ndugu zangu, pombe haiui baridi. Inaleta damu karibu na ngozi, unahisi joto, kumbe mwili unalitoa joto lake nje. Na mtu aliyelewa akitumbukia ziwani usiku, nani atamwona?

Na bangi nayo nisiiruke. Kuna maneno yanazunguka kwenye vijiwe vya bodaboda, na yamefika mpaka shuleni: "Ni jani tu, limeota ardhini, litakudhuru vipi?" Kijana wangu, tumbaku nayo ni jani. Ubongo wa mtu unaendelea kukua mpaka anapopita miaka 20. Ukianza kuuvutisha bangi ukiwa na miaka 14 au 15, unaingilia nyumba ambayo fundi hajaimaliza. Wapo wanaovuta wakaonekana wazima. Wapo wengine ambao akili inayumba, wanasikia sauti, wanamshuku mama yao kuwa anataka kuwaua. Huwezi kujua mapema wewe uko kundi gani. Na sheria ya nchi, ya mwaka 2015, inaihesabu bangi kuwa dawa ya kulevya, na mirungi vilevile.

Kwa hiyo la kwanza nalirudia: hakijatoka mbali. Kiko nyuma ya nyumba, kiko mwaloni, kiko kijiweni.

Kabla sijaenda la pili, tuulizane: kilevi kinachukua nini? Kinaanza na kahawa. Mnalijua neno butura. Mwenye shamba anaiuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu anataka pesa leo. Wapo wanaofanya hivyo kwa ugonjwa au kwa ada ya shule. Lakini wapo, na tunawajua, ambao butura yao iliishia kwenye kipimo. Msimu unafika, jirani anaanika kahawa yake, yeye anachuma ya mtu mwingine kwenye shamba lake mwenyewe. Baada ya kahawa ni mabati. Baada ya mabati ni kibanja. Na kwetu kibanja ni makaburi ya babu zako. Ukikiuza, siku yako ikifika utazikwa wapi?

Kinachukua mwili pia. Ini linakufa taratibu, tumbo linajaa maji. Mjamzito anayekunywa anamnywesha na aliye tumboni, na mtoto anaweza kuzaliwa akili yake imeshaguswa. Mwenye virusi vya Ukimwi aliyekuwa akimeza dawa vizuri, akilewa anasahau leo, anasahau kesho, na virusi vinapata nafasi. Na kuna sumu yenyewe. Mwaka 2010, hapo jirani Uganda, Kabale na Kampala, watu wapatao 80 walikufa kwa pombe kali ya ndizi iliyochanganywa na spiriti ya methanoli. Miaka kumi kabla yake, Novemba 2000, Nairobi, pombe iliyoitwa kumi kumi iliua zaidi ya watu 100, na wengine waliobaki hai walibaki vipofu. Methanoli haina rangi. Huioni kwenye glasi.

Sasa la pili: uraibu ni ugonjwa. Hapa nitawasimulia.

Katika kijiji nilikokulia kulikuwa na fundi seremala. Milango ya nyumba yetu ni kazi yake, na mpaka leo inafunga. Penseli ilikuwa haikosekani sikioni mwake. Sisi watoto tulipenda kumtazama akipiga mstari kwenye ubao, mstari umenyooka kama uzi. Miaka ikapita, tukaanza kuona kitu. Asubuhi mkono unatetemeka. Anaweka penseli kwenye ubao, penseli inacheza, mstari unakwenda kama nyoka. Anaiweka chini, anatoka, anarudi baada ya dakika chache. Sasa mkono umetulia, mstari unanyooka. Watu wakacheka: "Fundi haendi bila mafuta." Na sisi tukacheka.

Leo najua tulikuwa tunacheka nini. Yule mzee hakunywa ili apate stimu. Stimu aliiaga zamani. Alikunywa ili penseli itulie. Mwili ukinyweshwa kila siku unajipanga upya, unaihesabu pombe kuwa sehemu yake. Ukiikosa, unadai. Mkono unatetemeka, jasho linatoka, usingizi unakimbia. Wanaotumia unga wanaiita arosto. Wanywaji wana neno lao la utani: kuzimua. Lakini anayezimua kila asubuhi hazimui kitu. Ameshafungwa kamba, na kamba anaishika mwingine.

Ndugu zake walichoka. Kwa nia njema kabisa wakamfungia chumbani: "Safari hii ataacha." Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili akaanguka kifafa. Siku ya tatu akawa anaokota wadudu ukutani, wadudu ambao hakuna mwingine aliyewaona, na anaongea na watu waliokufa zamani. Usiku wake akafariki. Matangani watu wakanong'ona: amelogwa.

Hakulogwa. Ule ni ugonjwa unaojulikana, na mtu aliyekunywa sana kwa miaka akikatiziwa ghafla bila uangalizi anaweza kufa. Kama kuna jambo moja la kuandika ukutani leo, liwe hili: anayetetemeka asubuhi asifungiwe chumbani. Apelekwe kituo cha afya. Zipo dawa za kumshusha pole pole, na siku chache za uangalizi zinaweza kumwokoa.

Kwa wanaotumia heroini, ule unga, nchi yetu ilishakubali kwamba uraibu ni ugonjwa. Mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa dawa ya methadoni, kikombe kila siku mbele ya mhudumu, ili mtu aache sindano na arudi kuwa mtu wa kazi. Baadaye huduma hiyo ikafika mikoa mingine, hata Mwanza, ng'ambo ya ziwa letu. Anayeiendea hupokewa kama mgonjwa. Kama wa unga ni mgonjwa, wa gongo ana kosa gani la kubaki kichekesho?

Tena tusidhani kufungia bidhaa kunatosha. Mnakumbuka viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki? Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilivipiga marufuku, na ilifanya vema, maana mtoto wa shule alikuwa anaficha kiroba kwenye soksi. Viroba vikaondoka. Kiu je? Kiu ilibaki kwa mwenye kiu. Ndiyo maana nasema la pili na nalirudia: ni ugonjwa. Kilevi kinaweza kumwagwa. Ugonjwa hutibiwa.

La tatu, nalo ndilo lililonileta. Njia tunaifahamu.

Wenye umri wangu mtakumbuka Juliana. Vijana, waulizeni wazazi wenu. Lilikuwa jina la nguo ya fasheni iliyokuwa ikiletwa kwa magendo kutoka Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya themanini, watu walipoanza kukonda na kufa, ugonjwa ukapewa jina hilo. Wengine wakasema ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiana. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa hapa hapa Kagera. Mwaka 1987 watafiti walipopima, mjini Bukoba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na virusi. Wilayani Muleba, mmoja kati ya kumi. Kila wikendi mazishi. Na kwenye mazishi hakuna aliyetaja kilichoua.

Kisha kikabadilika nini? Watu walifungua midomo. Mmoja alisimama kanisani, mwingine msikitini, mwingine kwenye kikao cha ukoo, akasema: ninao. Bibi wakalea yatima, wakawaambia ukweli wa wazazi wao. Mwaka 1996 mjini Bukoba hesabu ya wenye virusi ilikuwa imeshuka hadi mmoja kati ya saba au wanane. Muleba, mwaka 1999, chini ya mmoja kati ya ishirini. Tusijidanganye, sehemu ya kushuka huko ni makaburi. Lakini sehemu nyingine ni midomo iliyofunguka. Tulipouita Juliana, ulituua. Tulipouita kwa jina lake, tukaanza kuupunguza.

Sasa angalieni. Juliana tulisema ni uchawi. Fundi wetu tulisema amelogwa. Makosa yale yale, mkoa ule ule. Mficha maradhi kilio humfichua, na sisi kilio tumeshakisikia mara moja.

Basi tufanye nini? Nina machache, ya kufanyika wiki hii.

Mwenye mgonjwa nyumbani, usimhubirie akiwa amelewa. Unazungumza na chupa. Ngoja asubuhi, kabla hajatoka kuzimua, ukae naye wawili tu, umwambie ulichokiona: mkono, kahawa, mtoto. Usimwite mlevi. Mwambie: unaumwa, nitakusindikiza. Na umsindikize kweli. Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Bukoba kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Muleba mna Rubya, mna Ndolage, mna Kagondo. Mwulize mhudumu wa afya bila kuona haya. Na kwa habari za dawa za kulevya, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119.

Akirudi kunywa baada ya miezi miwili, usiseme "nilijua tu." Malaria ikirudi unamfukuza mtu? Unampeleka tena.

Wenyeviti wa vitongoji na wa mialo, siku za mbalamwezi mnazijua kabla hazijafika. Mpira mmoja wa ngozi, vijana wawili wa kuanzisha ligi, hata kikundi cha kuweka akiba kinachopokea pesa siku ile ile mitumbwi inapopanda. Haya ni ya bei ndogo.

Na la mwisho ni letu sote. Kwetu, kukataa kikombe ni kama kumtukana mwenye nyumba. Mtu aliyeacha miezi mitatu anakuja kwenye ndoa ya mpwa wake, na watu wanaanza: "Kidogo tu. Onja. Umeokoka? Au unatudharau?" Wanacheka, na hawajui kwamba wanalisukuma jeneza. Waitu, mgeni akiingia nyumba ya Mhaya anapewa nini kwanza? Si kahawa ya kutafuna? Ule ndio ukarimu wetu wa zamani, tena haulevyi. Na yale maji matamu ya ndizi tuliyokuwa tukiyanywa utotoni kabla hayajatiwa mtama, nani amesema wakubwa wamekatazwa?

Kwa hiyo nawaachia kazi moja. Shughuli inayokuja, ndoa au matanga, mwenye kugawa pombe akipita, utamwona mtu mmoja ameufunika mdomo wa kikombe chake kwa kiganja. Usimwulize sababu. Usimtazame mara mbili. Mwekee kahawa mkononi, na uendelee na mazungumzo mliyokuwa nayo.

Hakijatoka mbali. Ugonjwa. Njia tunaifahamu.